Kadi Yangu Ilipiga Kura Bila Mimi

Nilimkuta mtu amepanda juu ya kibanda cha watoto, anang'oa misumari. Bati la kwanza lilikuwa limeshateremshwa, limeegeshwa ukutani, na jua la saa tatu lilikuwa linapiga moja kwa moja pale tunapolaza watoto. Mwanangu nilikuwa nimembeba mgongoni, anakohoa. Jana yake nilikuwa naye kliniki, na nesi aliniambia bila kunibembeleza kwamba mtoto huyu akae mbali na vumbi la mawe, la sivyo nitarudi pale mpaka nizoeane na benchi lao.

"Nani kakwambia ung'oe?" nikamuuliza yule wa juu.

"Kamuulize mwenyekiti wenu. Mimi napiga nyundo tu."

Mwenyekiti alikuwa ofisini na karani wetu. Nikamwamkia, maana hasira haijawahi kunizuia kumwamkia mtu mzima. Akaitika marahaba bila kuniangalia, akaigeuza kompyuta upande wangu.

"Kura ilipigwa jana mchana," akasema. "Kibanda kinatoka, karasha jipya, mashine ya kusaga mawe, linakaa pale. Na wewe umo."

"Nimo wapi?"

"Umo kwenye Ndiyo."

Nikainama kusoma. Kweli. Namba ya kadi yangu, jina langu, Ndiyo, na mbele yake alama ya kijani kwamba kadi imesaini. Waliokubali walikuwa wamewazidi waliokataa kwa kura moja.

"Mimi jana mchana nilikuwa kliniki."

"Kadi haidanganyi, mama."

"Kwa hiyo ninayedanganya ni mimi?"

"Sijasema hivyo. Una mtoto mchanga, hulali vizuri. Mtu anasahau."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha. Sikupiga kelele, na watu wanaosema nilipiga kelele wanasema uongo. Ukutani kulikuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari umening'iniza kadi ya mwanachama mmoja. Nikauchomoa ubao mzima, nikatoka nao mpaka kibandani, nikauweka chini kifudifudi, nikaukalia. Kisha nikamteremsha mwanangu mgongoni, nikaanza kumnyonyesha.

"We mama, utasababisha kazi isimame!" karani akapiga ukelele kutoka mlangoni.

"Isimame. Na huyo wa juu ashuke, nina mtoto hapa chini na msumari hauna macho."

Yule fundi wa mabati alishuka haraka kuliko alivyopanda.

Sasa nieleze vizuri, maana hadithi ya mwanamke aliyekalia kadi za wenzake imeshafika mpaka Nyasubi, mjini Kahama, na huko inasimuliwa vibaya.

Sisi ni kikundi cha akina mama tunaoponda mawe ya dhahabu. Mwalo wetu, yaani uwanja wa kupondea na kusafishia mawe, uko kando ya njia ya kutoka Kahama kwenda Geita. Wengi wetu ni Wasukuma, lakini kuna waliotoka Chato, Kigoma, Singida na kwingineko, kila mtu na lililomleta. Kwenye kuponda tunaongea Kisukuma na kucheka. Kwenye mkutano tunaongea Kiswahili, na hapo nusu ya wazee wetu wanakuwa mabubu. Kuna bibi mmoja, mwanachama tangu kikundi kianzishwe, ambaye akiwa na nyundo mkononi anaweza kukusema mpaka ukimbie. Mkutanoni anasema "naam" tu. Nilikuwa najua hilo kabla sijajua kompyuta ni nini: anayechagua lugha ya kikao ndiye anayechagua nani atanyamaza.

Kibanda cha watoto tulikijenga wenyewe, upande ambao upepo hauleti vumbi. Kila mwenye mtoto wa kunyonya amelaza mtoto wake pale. Bila kibanda una mawili: umbebe mtoto mgongoni huku unaponda, vumbi likimwingia, au ukae nyumbani. Ndiyo maana nililipinga lile wazo la karasha tangu siku ya kwanza lilipotajwa. Kila mtu alijua ninalipinga. Hata mbuzi wa jirani alijua.

Kadi zilikuja kwa sababu ya dole gumba. Zamani tulikuwa tunasaini daftarini kwa dole gumba na wino, na ikagundulika kwamba kuna madole yalikuwa yanasaini kwa niaba ya madole mengine. Wafadhili wetu wakasema watatupa kadi zenye chipu. Kila mwanachama na kadi yake na namba yake ya siri. Ukiingia asubuhi unasaini kwa kadi, kukiwa na kura unapiga kwa kadi. Ikaundwa kamati ya watu watatu ya kukaa na fundi wa programu: mwenyekiti, katibu, na mimi. Mimi niliwekwa kwa sababu nimemaliza kidato cha nne na nilishafanya kozi fupi ya kompyuta Nyasubi, kwenye chumba nyuma ya duka la steshenari, ambako dada mmoja mwenye kipaji na kelele nyingi alitufundisha kuandika programu kwa lugha inayoitwa Python.

Fundi alitoka Mwanza. Kijana msafi, viatu vyeupe mwaloni, nikaanza kumtilia shaka kutokea kwenye viatu. Akaweka mezani kidude cha kuchomekea kadi, akatueleza. Nitakuwa mkweli, alieleza vizuri. Alisema ndani ya ile chipu kuna kompyuta ndogo kabisa, na ndani yake kuna ufunguo wa siri ambao hautoki nje hata kidogo. Kompyuta ya ofisini inaipelekea kadi ujumbe, kadi inausaini humo humo ndani, inarudisha saini. Huwezi kuiba ufunguo kwa sababu huwezi kuuona. Kinachoiruhusu kadi kusaini ni namba ya siri ya mwenyewe.

"Kwa hiyo kazi yangu," akasema, "ni kuandika programu inayosimama katikati ya kadi na kompyuta. Nitaiandika kwa lugha ya C."

"Kwa nini C?" nikauliza.

Mwenyekiti akanigusa goti chini ya meza. Nikahamisha goti.

"Kwa sababu maktaba zote, yaani programu za tayari, za kuongea na kadi zimetengenezwa kwa ajili ya C. Lugha nyingine zinapita kwa mkalimani."

"Nimesoma Python. Najua nayo inaweza kuongea na kadi."

"Inaweza."

"Na Java? Nimesikia baadhi ya kadi zenyewe zina Java ndani."

Akaniangalia upya, kama mtu aliyeona jiwe lina kitu. "Zina kijisehemu chake, ndiyo. Lakini hiyo ni ndani ya kadi. Mimi nazungumzia upande wa kompyuta. Kadi haijali nje unaongea lugha gani, ilimradi baiti zifike kwa mpangilio."

"Sasa kama kadi haijali, tuandike kwa Python. Hata mimi nitaisoma. Na siku ukiwa na shughuli zako Mwanza, hatutakaa tunakusubiri."

"Mama, nikuulize. Namba ya siri ikishaingia kwenye programu ya Python, baada ya hapo iko wapi?"

Sikujua. Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui. Inaweza kuwa na nakala mbili, tatu, kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na huwezi kuziamuru zifutike. Zitafutika Python ikipenda. Java hivyo hivyo, usipokuwa mwangalifu sana. Kwenye C naishika namba kwenye sehemu ninayoijua, kadi ikishasaini naifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Naweka sifuri juu yake. Hakuna atakayeikuta."

Ni jibu zuri. Mpaka leo nasema ni jibu zuri, na dada wa Nyasubi nilipomuuliza alisema fundi hakukosea. Ila mimi nilimwangalia nikawaza: huyu amechagua lugha ambayo kwenye kikao hiki anaiongea peke yake. Akiandika kitu kibaya, nani atainua mkono? Tutakuwa sote kama yule bibi, naam, naam.

Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti. Mwenyekiti akacheka mpaka akashika kifua.

"Kozi ya wiki sita! Wiki sita tu, na anataka kumfundisha fundi kazi!"

"Simfundishi. Nataka kujua ameandika nini."

"Ukijua utafanyaje? Utaiponda?"

Katibu naye akacheka. Nikashindwa, wawili kwa mmoja, ikaandikwa C. Lakini nilikataa kusaini muhtasari mpaka yaingie maneno haya: kwamba maandishi yote ya programu, kama fundi alivyoyaandika, yataachwa kwenye flashi, itunzwe na kikundi, na mwanachama yeyote akiomba ayaone.

"Sawa," fundi akasema. "Mtakaa nayo kama picha ya harusi."

Flashi ikafungwa kwenye leso, ikawekwa kabatini. Ikakaa kweli kama picha ya harusi.

Kuna kitu kingine kilichotokea wiki za mwanzo, na nilikuwa nimekisahau. Ningependa kuendelea kukisahau.

Programu ilivyoanza ilikuwa inauliza namba ya siri kila mara. Unaingia, namba. Unasaini zamu yako, namba. Kuna tangazo la kukubali, namba. Kwa vijana si kitu. Lakini kwetu huku mtu mzima hasumbuliwi. Bibi akifika mezani, karani ambaye ni rika la mjukuu wake anapiga goti kidogo, shikamoo, marahaba, anapokea kadi kwa mikono miwili, anaichomeka yeye. Huwezi kumwambia bibi mwenye mikono iliyochubuka kwa mawe, haya, bonyeza vitufe. Ingeonekana unamdhalilisha. Kwa hiyo bibi anaitaja namba yake kwa sauti, kama anavyotaja umri wake kliniki, na karani anabonyeza. Mara ya pili anaulizwa tena, anaitaja tena, foleni nzima inasikia. Mara ya tatu anasema, "Mjukuu wangu, hiki kitu ni kisahaulifu kuliko mimi?"

Watu wanacheka, lakini ni kicheko cha aibu. Na siku moja mwanangu alikuwa analia mgongoni, foleni haisogei, na ni mimi, mimi huyu huyu, niliyepaza sauti: "Hii mashine itauliza mara ngapi? Mtu akishajitambulisha asubuhi si inatosha? Mwambieni fundi aache kusumbua akina mama!"

Watu wakanipigia makofi. Mwenyekiti akasema atampigia simu fundi. Fundi akaja siku moja, akachomeka, akachomoa, akaondoka. Baada ya hapo ukawa unataja namba mara moja asubuhi, basi, mpaka jioni. Tukafurahi. Hakuna aliyeuliza mashine inatukumbukaje.

Na kadi zenyewe zilikuwa zinakaa ubaoni. Fundi alisema vumbi la mawe linakwaruza chipu, kwa hiyo ukishasaini asubuhi unaitundika kwenye msumari wako ofisini, unaichukua jioni. Kila mtu aliona ni busara. Hata mimi.

Siku ile ya kura niliingia asubuhi, nikataja namba, nikatundika kadi. Mtoto akashikwa na kikohozi kile cha kumfanya abadilike rangi. Nikamuaga karani, nikaenda kliniki. Kwenye foleni ya kliniki nilikaa mpaka saa nane. Kikao cha karasha hakikuwa kimetangazwa kuwa siku hiyo. Kilitangazwa nilipokwisha kuvuka barabara.

Nilikaa juu ya ule ubao karibu saa nzima. Akina mama wakaja mmoja mmoja wakasimama kuzunguka kibanda. Wengine walikuwa upande wangu, wengine walitaka kadi zao tu. Mwenyekiti akaja, akatumia sauti ya upole, nayo naiogopa kuliko ya ukali.

"Rudisha ubao, tutaongea kama watu wa nyumba moja."

"Tutaongea hapa hapa."

"Ulipiga kura, ukabadili mawazo. Haya hutokea. Lakini usiwaharibie wenzako."

"Kwa nini nikubali vumbi limwagike juu ya mwanangu? Nipe sababu moja tu ambayo mwanamke mwenye akili anaweza kuwa nayo."

"Tutajenga kibanda kingine, mambo yakikaa sawa."

"Mambo yakikaa sawa ni siku gani?"

Yule bibi wa naam ndiye aliyenitoa. Alikuja polepole, akaketi chini pembeni yangu, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitika. Halafu akanong'ona kwa lugha ile ile ya kwenye kuponda kwamba nimpe kadi yake, ataifunga kwenye pindo la khanga, na kila mtu afanye hivyo, na mimi niende nikatafute kilichopiga kura badala yangu. "Ukikaa hapa watasema umechanganyikiwa," akasema. "Ukienda watakuwa na wasiwasi."

Nikasimama. Kila mwanamke akachomoa kadi yake. Ubao ukabaki misumari mitupu. Fundi wa mabati akaambiwa aende zake kwanza, lakini bati aliloling'oa halikurudishwa.

Nilimwomba katibu flashi. Akasema mpaka mwenyekiti akubali. Nikamfungulia muhtasari, nikaweka kidole kwenye yale maneno ambayo walinicheka nayo. Alisoma mara mbili, akaenda kabatini. Leso ilikuwa bado na fundo lile lile.

Dada wa Nyasubi alifunga darasa mapema ili tukae. Alinionya kwamba C si lugha yake ya kila siku, lakini anaisoma. Mimi nilidhani sitaelewa chochote. Kumbe yule fundi wa viatu vyeupe alikuwa amevipa vitu vyake majina ya Kiswahili. Kulikuwa na sehemu inaitwa pokea_namba. Kulikuwa na fungua_kadi, na sainisha. Na kulikuwa na futa_namba.

"Hii hapa," dada akasema. "Imeandikwa vizuri sana. Anaweka sifuri kila mahali namba ilipokuwa, na amejihami ili mashine isije ikairuka. Huyu anajua kazi."

"Kwa hiyo namba inafutwa?"

"Subiri. Kuiandika ni kitu kimoja, lazima pia iitwe ifanye kazi." Akatafuta. Akatafuta tena. "Inaitwa mara moja tu. Programu ikifungwa. Nyie mnaifunga saa ngapi?"

"Jioni. Karani akiondoka."

"Basi kuanzia mnapotaja namba asubuhi mpaka jioni, zote zimekaa humo ndani. Kadi yoyote ikichomekwa, programu yenyewe inaipa namba yake. Haimuulizi mtu."

Ile sababu aliyotupa ya kuchagua C, ile moja aliyonishinda nayo mbele ya wote, kwamba kwa lugha hii anaweza kuifuta namba kwa mkono wake, ndiyo hasa hakuitumia. Alinunua ufagio wa ghali kuliko zote halafu hakufagia.

"Mwizi," nikasema.

"Ngoja, angalia hapa." Akanionyesha mstari baada ya kusaini. Futa_namba ilikuwapo pale, mahali pake sahihi kabisa, lakini mbele yake kulikuwa na mikwaju miwili, vile vistari vya kulala upande. Dada akaniambia mikwaju ile inaufanya mstari kuwa maelezo tu, mashine inaupita. Na pembeni fundi alikuwa ameandika kwa ajili yake mwenyewe: *imezimwa kwa ombi, akina mama wanalalamika kusumbuliwa.*

Nilisoma maneno yale nikasikia sauti yangu mwenyewe kwenye foleni, na makofi.

Dada hakujua. Nikamwambia. Akasema, "Wewe uliomba usiulizwe mara nyingi. Yeye ndiye aliyejua maana yake, na hakuwaambia." Ni kweli. Lakini nililala na ile mikwaju miwili machoni, na hata leo nikimfikiria yule fundi siwezi kumaliza hasira bila kujikuta mwenyewe mle ndani.

Asubuhi iliyofuata niliomba kamati ikutane saa nne, watu wote wakiwapo. Bibi alikuja, akaamkiwa, akataja namba yake kama kawaida, akasaini kuingia. Nikamwomba aniachie kadi, aende akae pale anapopondea, mbali, tunakomwona sote.

"Chomeka kadi ya bibi," nikamwambia karani.

Akachomeka.

"Fungua kura yoyote ya majaribio. Bonyeza Hapana."

Akabonyeza. Kompyuta haikuuliza kitu. Ikalia mlio wake mdogo, ikaandika: *Imesainiwa.* Alama ya kijani.

Pale nje nyundo ya bibi ilikuwa inapanda na kushuka.

"Bibi!" nikaita kwa Kisukuma. "Umepiga kura gani?"

"Napiga mawe!" akajibu. Watu wakacheka, halafu kicheko kikakatika kila mtu alipoelewa anachocheka.

Karani alikuwa ameshaanza kulia. Ni binti mzuri, simchukii. "Mimi sikujua ni vibaya," akasema. "Siku ile kila mtu alikuja akachukua kadi yake akapiga. Ilibaki moja ubaoni. Nikaambiwa nimalizie."

"Uliambiwa na nani?"

Akamwangalia mwenyekiti, kisha akaangalia sakafu.

"Nilisema amalizie kazi," mwenyekiti akasema. "Sikusema apige kura."

"Na nani alisema Ndiyo?"

Mwenyekiti akafunga kitabu chake, akasema karasha lina mwenyewe, mwenyewe ameshaleta nondo, kura haiwezi kurudiwa kila mtu akigombana na mashine. Nikauliza mwenye karasha ni nani. Akasema hilo si la kikao hiki. Nina mawazo yangu kuhusu hilo, na ninayaacha, kwa sababu sijayaona kwa macho. Ila nondo niliziona. Zilikuwa zimeshalazwa nyuma ya kibanda, kabla ya kura, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota katikati yake.

Nikaenda nyumbani, nikamlaza mtoto, nikaandika barua. Niliandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na matusi, nikaichana. Ya pili ilikuwa na machozi, nikaichana pia. Ya tatu ndiyo niliyoipeleka halmashauri, nikasimama mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yangu ninayo. Jina na namba ya kadi nimeviondoa hapa tu, kule vipo.

Afisa Maendeleo ya Jamii,
Halmashauri.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KURA ILIYOPIGWA KWA KADI YANGU BILA MIMI KUWEPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha akina mama waponda mawe, na mama wa mtoto wa miezi tisa anayelala katika kibanda cha watoto cha mwaloni.

Nalalamika kwamba kadi yangu ilisaini Ndiyo ya kuondoa kibanda hicho wakati mimi nikiwa kliniki na mtoto. Naambatisha kadi ya kliniki. Ina tarehe tu, haina saa, kwa hiyo naomba nesi wa zamu aulizwe.

Nalalamika kwamba programu ya kadi inatunza namba za siri za wanachama wote tangu asubuhi hadi jioni, na inasaini bila kumuuliza mwenye kadi. Jambo hili limeonyeshwa mbele ya kamati na wanachama. Naambatisha ukurasa wa programu wenye mstari uliozimwa.

Nakiri kwamba ombi la kupunguza kuulizwa namba nililitoa mimi, hadharani. Sikuambiwa, na hakuna mwanachama aliyeambiwa, kwamba kuulizwa mara moja maana yake ni mashine kubaki na namba zetu. Lugha iliyochaguliwa ilichaguliwa kwa sababu inaweza kuzifuta. Naomba mtengenezaji aeleze kwa maandishi, kwa Kiswahili, kwa nini hazifutwi.

Sijui ni nani aliyeamua kura yangu iwe Ndiyo. Simtaji mtu ambaye sikumwona.

Naomba kura ile ifutwe. Kura yangu ikitolewa, pande mbili zinalingana, na katiba ya kikundi inasema zikilingana jambo linabaki kama lilivyokuwa. Kilivyokuwa ni kibanda chenye mabati yote.

Naomba bati lililong'olewa lirudishwe kwanza, mengine yajadiliwe baadaye, kwa sababu vumbi halisubiri majibu ya barua.

Mpaka nitakapojibiwa nitakuwa kibandani kila siku ya kazi kuanzia saa moja asubuhi, mimi na mtoto. Kadi yangu ninayo mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.